Je, kombania na kampuni ni neno moja? Asili ya maneno ya kijeshi ya Kilatini na vizazi vyake katika Kiswahili

Baba Kuruta (Iringa)

Kamwene, wakuu.

Kijana wangu aliyemaliza kidato cha sita amerudi majuzi kutoka Mafinga, alikokuwa JKT kwa mujibu wa sheria, na tangu siku hiyo nyumba nzima imegeuka kikosi. Mdogo wake akichelewa kuamka anaitwa kuruta, sebule imekuwa kombania, na mama yao, kwa kuwa ndiye anayeshika funguo za stoo, amepandishwa cheo hadi kanali bila kupitia uluteni. Tumecheka sana. Lakini usiku mmoja tulikaa tukayaandika maneno yote ya jeshi aliyorudi nayo, tukajaribu kuyatafutia asili, na hatukufika mbali.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alituambia kwamba majina yote ya vyeo ni Kilatini kilichotufikia kwa mikono ya Waingereza, na kwamba hata neno askari ni la Warumi. Sikumbishia kwa kuwa ni mkubwa wangu, lakini sikuridhika. Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, je, kombania ya jeshi na kampuni ya mabasi yanayopita hapa Ipogolo ni neno moja, au yamefanana kwa bahati tu? Pili, Meja ni mkubwa kwa Luteni, jambo ambalo hata mtoto wa shule analijua. Inakuwaje basi Luteni Jenerali awe mkubwa kwa Meja Jenerali? Kijana anasema hakuthubutu kumwuliza mkufunzi. Tatu, askari ni neno la nani?

Dereva wa Igawa

Mzee wa jumuiya yuko sahihi, yote ni Kilatini. Askari wa Roma walikuwa wakilipwa chumvi, ndiyo maana Wazungu hadi leo wanauita mshahara kwa jina lililotokana na chumvi. Na kanali ni neno la Kilatini canalis, yaani mfereji, kwa sababu amri hutoka juu na kupitia kwake kwenda chini, kama maji ya mpunga huku kwetu Mbarali.

Mseminari wa Zamani (Njombe)

Ndugu Dereva, mfereji wako umechimbwa vizuri lakini hauna maji. Kanali hahusiani na canalis. Neno hilo limetokana na columna, yaani nguzo, ambayo Waitaliano waliiita colonna, na kwa kuwa askari wanaotembea kwa safu ndefu hufanana na nguzo iliyolazwa chini, safu hiyo nayo ikaitwa hivyo hivyo. Mkubwa aliyeiongoza akawa colonnello. Wafaransa walipolichukua walikuwa na namna mbili za kulitamka, moja yenye l mbili na nyingine iliyobadili l ya kwanza kuwa r, na Waingereza wakaishia kuliandika kwa namna moja na kulitamka kwa nyingine, jambo linalowatesa wanafunzi wao mpaka leo.

Nilisoma Kilatini miaka kadhaa nikiwa seminari ndogo, na ingawa sikufika altareni, sarufi haijanitoka kichwani. Nianze na swali la kwanza la mwuliza swali, kwa sababu ndilo zuri kuliko yote.

Kombania na kampuni ni neno moja, baba mmoja na mama mmoja. Katika Kilatini cha mwisho mwisho, kile kilichosemwa na watu wa kawaida dola ya Roma ilipokuwa imekwisha kuvunjika upande wa magharibi, kulizuka neno companio, lililoundwa kwa com, yaani pamoja, na panis, yaani mkate. Companio ni mtu mnayekula naye mkate mmoja. Kutoka kwake likaja neno la kundi zima la watu wa namna hiyo, likaenda jeshini kuwa kikosi cha askari, likaenda sokoni kuwa wafanyabiashara walioungana, na Kiswahili kikalipokea mara mbili kwa sura mbili bila kutambua kwamba ni mgeni yule yule aliyebadilisha koti. Ningependa kuongeza kwamba Mrumi wa zama za Julius Caesar asingelielewa neno hilo, kwa maana yeye aliihesabu jamaa ya askari kwa hema, si kwa mkate: askari 8 walilala katika hema moja, kundi lao likaitwa contubernium, na mwenzako wa hema alikuwa contubernalis. Makundi 10 ya namna hiyo yalifanya centuria moja, neno linalotokana na centum, yaani mia, ijapokuwa hesabu yenyewe inatupa watu 80. Majeshi ya kila zama yamekuwa na tabia hii ya kubaki na jina baada ya idadi kubadilika.

Sasa vyeo. Kapteni ametokana na caput, yaani kichwa, kupitia capitaneus, mtu aliye kichwa cha wengine. Koplo naye ni mtoto wa kichwa hicho hicho: Waitaliano walisema caporale kutokana na capo, halafu Wafaransa wakalichanganya na neno lao la mwili, ambalo katika Kilatini ni corpus, na ndiyo sababu Waingereza wanaliandika kana kwamba koplo ni mtu wa mwili badala ya mtu wa kichwa. Sajini, au sajenti kama wengine wanavyosema, ni serviens, yaani anayetumikia. Mwanzoni alikuwa mtumishi tu wa mkubwa wake. Batalioni linatokana na kitenzi cha kupiga, battuere. Platuni ndilo linalonifurahisha, kwa sababu limetoka kwenye pila, yaani mpira: Wafaransa walikiita kikundi kidogo cha watu waliosongamana peloton, kijimpira. Wanaojua Kilatini kidogo huliunganisha neno hilo na pilum, mkuki wa kurusha wa askari wa Roma, lakini hilo ni neno jingine. Brigedi pekee katika orodha hii si la Kirumi. Waitaliano walilitoa kwenye neno lao briga, yaani ugomvi, ambalo halikutokana na Kilatini cha kale.

Na kuruta? Mtoto wako amekuwa akimtukana mdogo wake kwa neno la heshima. Mzizi ni crescere, yaani kukua, na kwa re- mbele yake linakuwa kukua tena. Jeshi lililopungukiwa na watu vitani hukua tena kwa watu wapya, na hao ndio makuruta, kama majani ya chai yanavyochipua Mufindi baada ya kuchumwa.

Kuhusu chumvi, ni kweli kwamba salarium imetokana na sal, yaani chumvi, na Plinius Mkubwa, mwandishi wa karne ya 1, ameyataja maneno hayo mawili pamoja. Lakini hakuna mwandishi wa kale anayesema kwamba askari alipanga foleni akapimiwa chumvi badala ya fedha. Malipo yake yaliitwa stipendium, na katika utawala wa Augustus yalikuwa dinari 225 kwa mwaka, yakitolewa kwa awamu tatu za dinari 75, hadi Domitianus alipoyapandisha kufikia 300. Ni dinari hiyo hiyo tunayoisoma katika Biblia. Jina lake, denarius, limetokana na kumi, kwa sababu mwanzoni ilikuwa na thamani ya sarafu kumi ndogo za shaba.

Kuna sarafu nyingine ambayo imeacha alama hata katika duka la mtaani kwenu. Mfalme Konstantino alitoa sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidus, yaani imara, na 72 kati yake zilitengenezwa kwa ratili moja ya Kirumi ya dhahabu. Mtu aliyepigana ili alipwe sarafu hiyo akaja kuitwa kwa jina lake, na ndiyo asili ya neno la Kiingereza, la Kifaransa na la Kijerumani la askari. Kwa hiyo kwa Wazungu askari, kwa mujibu wa neno lenyewe, ni mtu wa kulipwa. Baadaye Waingereza waliitumia herufi ya kwanza ya solidus kufupisha shilingi, wakiandika s ndefu iliyosimama, nayo kwa haraka ya kalamu ikageuka mkwaju, yaani alama hii: /. Mwenye duka wa Iringa anayeandika 5,000/= kwenye kipande cha boksi anaendelea kuandika herufi ya sarafu ya Konstantino.

Nimalizie na mawili ya kanisani, maana wengine mtashangaa. Sakramenti, kabla haijawa saba, ilikuwa moja, na ilikuwa ya jeshini: sacramentum kilikuwa kiapo ambacho askari wa Roma alikiapa kwa jemadari wake. Tertullianus, aliyeandika huko Afrika ya Kaskazini mnamo mwaka 200, alilitumia kwa ubatizo, akimlinganisha Mkristo na askari aliyekwisha kuapa. Vilevile dekano anayesimamia dekania, akiitwa kwa asili yake, ni decanus, mkubwa wa watu kumi. Cheo hicho kilikuwa jeshini kabla ya kwenda kwa wamonaki.

Mstaafu wa Uyole (Mbeya)

Nashukuru kwa maelezo ya mseminari. Swali la pili niachieni mimi, kwa kuwa nililibeba begani miaka mingi kabla ya kulielewa.

Kosa letu ni kudhani kwamba meja katika Meja Jenerali ni yule yule meja tunayemjua. Zamani cheo hicho kiliitwa Sajenti Meja Jenerali, na neno la mbele likaachwa kwa sababu lilikuwa refu na, nadhani, kwa sababu mtu mkubwa kiasi hicho hakupenda kubaki akiitwa sajenti. Maior katika Kilatini ni mkubwa zaidi, kwa hiyo Sajenti Meja ni sajenti aliye mkubwa kuliko sajenti wengine. Ukirudisha neno lililodondoka, mambo yananyooka: kama vile kapteni, luteni na sajenti wanavyofuatana, ndivyo walivyofuatana majenerali watatu waliopewa majina ya hao watatu. Jeshi la Bunge la Uingereza lililoundwa mwaka 1645 linaonesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa Thomas Fairfax alikuwa Kapteni Jenerali, Oliver Cromwell akawa Luteni Jenerali wa wapanda farasi, na Philip Skippon akawa Sajenti Meja Jenerali wa askari wa miguu. Luteni Jenerali alikuwa wa pili, Sajenti Meja Jenerali wa tatu. Baadaye neno kapteni nalo likaachwa, akabaki Jenerali peke yake.

Jenerali lenyewe halikuwa cheo. Lilikuwa kivumishi, kutoka generalis, likimaanisha wa wote, tofauti na kapteni wa kombania moja. Ni kama tulivyonavyo Katibu Mkuu. Siku moja watu wakichoka kusema katibu wakabaki na Mkuu tu, wajukuu wao watadhani mkuu ni cheo tangu mwanzo. Humu mtandaoni naona safari hiyo imekwisha kuanza, maana kila mtu ni mkuu.

Luteni, kwa Kilatini, ni locum tenens, anayeshikilia mahali. Hana mahali pake mwenyewe, bali anashika mahali pa aliye juu yake asipokuwapo. Ndiyo sababu neno hilo linaweza kuwekwa mbele ya kanali au jenerali bila kuleta mgongano: linakuwa la chini au la juu kutegemea ni nafasi ya nani inayoshikiliwa.

Niongeze jambo moja la huku kwetu. Msidhani kwamba vyeo vya Kilatini vilikuwapo Nyanda za Juu Kusini tangu bunduki ya kwanza ilipolia. Jeshi la Wajerumani liliwaita askari wake Waafrika wenye vyeo kwa majina ya Kituruki yaliyokuja na Wasudani waliotoka katika jeshi la Misri: koplo alikuwa ombasha, sajenti alikuwa shaushi, na juu yao alikuwapo efendi. Ombasha ni mkubwa wa kumi, kwa maana on ni kumi na baş ni kichwa katika Kituruki. Kwa hiyo Waturuki na Warumi walifikia jambo moja, kichwa cha watu kumi, kila mmoja kwa lugha yake.

Ustadh wa Mwanjelwa (Mbeya)

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Mzee Mstaafu amenigusia neno luteni, nami siwezi kulipita kabla ya kulijibu swali la askari. Tunaposema kaimu mkurugenzi, tunatumia neno la Kiarabu qaim, mwenye kusimama, ambalo kwa ukamilifu wake ni qaim maqam, mwenye kusimama mahali pa mwingine. Katika dola ya Uthmaniya neno hilo lilikuwa pia cheo cha jeshi, kaymakam, na cheo chenyewe kilikuwa sawa na Luteni Kanali. Tofauti ni kwamba Mrumi alimshikisha mtu mahali, Mwarabu akamsimamisha hapo.

Sasa askari. Mzee wa jumuiya atuwie radhi, neno hilo si la Warumi. Katika Kiarabu, askar ni jeshi zima, na askari ni mtu wa jeshi hilo, ile i ya mwisho ikiwa ni ya kumhusisha mtu na kitu, kama ilivyo katika Misr na Misri au Hind na Hindi. Wataalamu wa lugha kwa kawaida huliunganisha na lashkar ya Kiajemi, yaani jeshi, wakieleza kwamba Waarabu waliposikia l ya mwanzo waliidhania kuwa ni al yao, wakaiacha nje. Badala ya sisi kulipokea kutoka Ulaya, Ulaya ndiyo iliyolipokea kutoka kwetu, kwa sababu Wajerumani na Waingereza walianza kuliandika neno askari katika vitabu vyao walipokuwa na majeshi yao huku.

Lakini msivunjike moyo, kwa maana kuna maneno mawili ya jeshi la Roma ambayo yameingia katika Kiswahili kupitia mlango wa Kiarabu, na watu huyatumia bila kushuku. La kwanza ni kasri. Tunaposikia kasri tunamwona sultani, mazulia na nguzo za marumaru. Mwanzo wake ni castrum, ngome, ambalo wingi wake, castra, ndilo lililokuwa jina la kambi ya jeshi la Roma: mahema yaliyopangwa kwa mistari, handaki na boma la miti, vikijengwa jioni na kuachwa asubuhi. Wagiriki wa mashariki wakasema kastron, Waaramu wakalichukua, na Waarabu wakapata qasr. Mji wa Luxor kule Misri umeitwa kwa wingi wa neno hilo hilo, al-Uqsur, na si kwa bahati, kwa kuwa Warumi walilizungushia kambi yao hekalu la Mafirauni lililokuwa pale. Nchini Uingereza neno hilo lilishika njia nyingine, likawa mwisho wa majina ya miji iliyoota penye kambi za Warumi: Chester, Manchester, Leicester, Lancaster, Winchester. Vijana wanaojazana vibandani Jumamosi kushangilia Manchester na Leicester wanatamka kasri kila wanapozifungua midomo.

La pili ni sirati. Kila Mwislamu anayesoma Alfatiha huomba aongozwe katika njia iliyonyooka, na njia hapo ni sirat. Wataalamu wengi wa lugha wanaliunganisha na strata, yaani barabara iliyotandazwa mawe, ambayo majeshi ya Roma yaliijenga ili yafike haraka mahali palipo na uasi. Barabara hizo zilisifika kwa kunyooka. Neno strata likawa jina la barabara kwa Wajerumani, jina la mtaa kwa Waingereza, nalo likafika Bara Arabu kabla ya Uislamu. Naliandika hili kwa heshima na kwa upande wa lugha tu; maana ya neno katika dini ina wenyewe wa kuieleza, na haipungui kwa sababu mawe ya mwanzo yalipangwa na mtu mwingine.

Na kwa faida ya Ndugu Dereva, mshahara wa Kiswahili hauna chumvi hata chembe. Unatokana na shahr, yaani mwezi, kwa sababu hulipwa kila mwezi.

Baba Kuruta (Iringa)

Nimewasomea wote nyumbani, na kijana ameandika vyeo vyote upya katika daftari. Shukrani zangu ni nyingi, hasa kwa neno la mkate. Ila limenibakia jambo linaloniuma kidogo. Kila neno mnalolifungua ndani yake yumo Mrumi, Mwarabu au Mturuki. Nasi tuliokuwa na vita zetu katika milima hii, hatukuwa na maneno?

Mama Gangilonga (Iringa)

Baba Kuruta, unaishi ndani ya neno hilo. Iringa ni lilinga, na lilinga katika Kihehe ni ngome. Umeuliza swali lako ukiwa umekaa mahali panapoitwa kwa maana ile ile ya Chester na Lancaster, na hukuhitaji Mrumi hata mmoja ili kulipata jina hilo.

Naomba nilieleze kwa utaratibu, kwa sababu naliona linahusiana na swali lako la mwanzo kuliko wengi wanavyofikiri. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa na lilinga lake Kalenga. Baada ya Wahehe kulivunja jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na Zelewski mwenyewe kuuawa, Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi lililoongozwa na Gavana von Schele likaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea na vita ya msituni hadi mwaka 1898. Wajerumani wakajenga kituo chao mahali hapa tunapokaa sasa, na jina la ngome likawa jina la mji. Mji ukazaliwa kutokana na ngome, kama ilivyokuwa kwa Warumi na León kule Hispania, ambao watalii hudhani umeitwa kwa simba, na hata ngao ya mji ina simba, ilhali jina lenyewe ni legio, jeshi la Roma lililopiga kambi pale. Legio ni neno la kuchagua: walioteuliwa.

Tazameni pia neno boma, ambalo Ustadh amelitumia bila kusita alipokuwa akieleza kambi ya Warumi. Boma lilianza kuwa uzio wa kuzuia ng'ombe wasitoke na fisi wasiingie. Likawa uzio wa kuzuia adui. Wajerumani walipojenga vituo vyao vya kijeshi watu wakaviita boma, na serikali ilipoingia humo, boma likawa serikali yenyewe, hata mtu wa kijijini akisema ameitwa bomani hamaanishi kwamba anakwenda kuona ng'ombe. Lile jengo la Kijerumani hapa mjini ambalo sasa ni makumbusho linaitwa Boma mpaka leo.

Kilatini kina neno lililotembea njia hiyo hiyo, hatua kwa hatua. Cohors ulikuwa ua wa shambani uliozungushiwa uzio, na ukoo wake ni mmoja na hortus, yaani bustani. Kutoka ua likawa jina la watu waliomo ndani ya ua, na jeshini likawa kikosi cha centuria 6, watu 480. Vikosi 10 vya namna hiyo vilifanya legio moja, ingawa kile cha kwanza kilikuwa kikubwa zaidi. Kisha likawa jina la watu wanaomzunguka mkubwa, kisha kwa Wafaransa likawa nyumba ya mfalme na watu wake, na kwa kuwa mfalme ndiye aliyehukumu, likawa mahali pa hukumu. Waingereza wakalileta huku, nasi tukaliita korti. Mtu anayekwenda bomani na mtu anayekwenda kortini, kwa asili ya maneno, wote wawili wanaingia zizini. Sitasema zaidi ya hapo.

Wala si hilo tu. Mzinga kwetu ni gogo lililotobolewa ili nyuki waingie, na babu zetu walipoiona silaha ndefu yenye tundu inayonguruma na kuuma, hawakutafuta neno Ulaya. Askari wa Roma walifanya vivyo hivyo: walipounganisha ngao zao juu ya vichwa kuwa paa, wakaliita paa hilo testudo, yaani kobe; gogo la kuvunjia malango waliliita aries, kondoo dume; na mtambo wa kurushia mawe wakauita onager, punda mwitu, kwa jinsi ulivyopiga teke kwa nyuma. Vidonge vya risasi walivyovitupa kwa kombeo viliitwa glandes, matunda ya mti wa mwaloni. Nasi tunaita risasi kwa jina la madini yenyewe, kutoka Kiarabu, hata siku hizi ambapo kwa nje inayoonekana ni shaba.

Msomaji wa Tukuyu

Ndaga fijo kwa wote. Naongeza mfano mdogo ambao hamkuugusa: katika Agano Jipya la Kiswahili, yule mkubwa wa askari mia aliyekwenda kwa Yesu huko Kapernaumu anaitwa akida, na akida ni neno la Kiarabu ambalo Wajerumani pia walilitumia kwa watawala wao wadogo waliowekwa juu ya majumbe. Msomaji wa zamani huku kusini alipokutana na akida katika Injili, picha iliyomjia haikuwa ya Mrumi. Legioni na Praitorio, kwa upande mwingine, yaliachwa katika Kilatini chake. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hawakumwita kapteni.

Mseminari wa Zamani (Njombe)

Huenda kapteni angeonekana Mwingereza mno, na centurio angeonekana Mrumi mno. Marko, katika Kigiriki chake, aliliacha neno la Kilatini lilivyo, akaandika kentyrion. Mathayo na Luka wakalifasiri kwa Kigiriki safi, mkubwa wa mia. Waliofasiri kwa Kiswahili walifuata njia ya Mathayo.

Namshukuru Mama Gangilonga kwa zizi lake. Nilifundishwa cohors miaka mitatu bila mtu kuniambia kwamba nilizaliwa karibu nalo.

Dereva wa Igawa

Nimekubali, mfereji nimeufukia. Lakini msinirudishe Mbarali mikono mitupu. Je, maili nayo ni yao? Maana ndiyo kazi yangu ya kila siku, kutoka Igawa hadi Makambako na kurudi.

Mseminari wa Zamani (Njombe)

Hapo umepata, tena umepata neno la jeshini hasa. Mille passus ni hatua elfu, na hatua kwa Warumi ilihesabiwa mguu ule ule ulipogusa ardhi mara ya pili, yaani hatua mbili za kwetu, karibu mita 1.48. Maili yao ilikuwa fupi kidogo kuliko ya Waingereza. Milioni nayo ni elfu hiyo hiyo iliyotiwa chumvi na Waitaliano, maana yake elfu kubwa. Na mwezi wa Machi ni wa Mars, mungu wao wa vita, kwa kuwa ndipo baridi ilipokwisha na majeshi yakaanza kutoka. Huku kwetu Machi mvua bado zinanyesha na hakuna jeshi linaloweza kutoka popote penye udongo mwekundu.

Baba Kuruta (Iringa)

Kijana amesoma yote hadi mwisho. Mama yake amesikiliza kutoka jikoni, na baada ya kuelezwa neno la mkate amesema kwamba ukanali ameuacha, anataka kombania. Ila kwa kuwa mkate unaliwa pamoja, vyombo navyo vitaoshwa pamoja kuanzia leo. Kuruta mkubwa yuko karoni sasa hivi.

Jumamosi tunakwenda Kalenga.